Si Mimi Niliyekuwa Kwenye Usukani

Nyumbani kwetu,
Nyuma ya karakana ya mabasi.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu zangu zikukute umekaa vizuri, chai ikiwa mkononi, pamoja na wifi yangu na wanangu hao wawili wanaomjua shangazi yao kwa sauti ya simu tu. Mgongo wako unaendeleaje? Natumaini ulikwenda kwa yule daktari kama ulivyoniahidi, maana nakujua, ahadi za hospitali huwa unazisukuma mbele mpaka zinaota nywele. Na yule mwanao wa mwisho je, ameshaacha kulala na viatu?

Sisi huku uzima upo. Shemeji yako hajambo, bado anaendesha basi la shule na bado anagombana na watoto wanaobandika ubani wa kutafuna kwenye viti. Binti yetu Ngongoti naye ni mzima wa mwili. Ameongezeka urefu tena. Jina ulilompa kwa utani limemkaa kiasi kwamba hata walimu wanamwita hivyo. Mimi ni mzima wa mwili pia. Nasema wa mwili kwa makusudi, na utaelewa mbele.

Najua umeshangaa kupata barua ya mkono wakati simu ipo. Juzi nilikupigia nikiwa nimejiandaa kukuambia yote. Ukapokea ukicheka, ukaniita Mama Kiapo kama kawaida yako, mimi nikakuuliza habari za baridi. Tukaongea baridi mpaka salio likakata. Niliweka simu mezani nikajiona kama mtu aliyeingia nyumbani kwako kuiba akakaribishwa chakula. Kwa hiyo naandika, maana karatasi haiwezi kucheka ikanipotezea maneno. Na tena ipo sababu ya kisheria ya kuandika, nitakueleza.

Mdogo wangu, gari lako limepata ajali. Hakuna aliyekufa. Nimeanza na hilo ili upumue. Lakini mtu ameumia, na gari ni Ngongoti aliyekuwa analiendesha, na mimi nimesema uongo, na katika uongo huo nimelitumia jina lako. Sasa nirudi nyuma nikueleze kwa utaratibu.

Ilikuwa Jumamosi moja mchana, miezi kadhaa iliyopita. Shemeji yako alikuwa na wageni, madereva wenzake na wake zao, nami nilikuwa nimeshabandika vyungu jikoni. Gesi ikakata. Shemeji yako hakuwepo, alikuwa amelipeleka basi kubadilishwa breki. Nikamwita Ngongoti, nikampa ufunguo wa gari lako. Nikamwambia, "Mtungi mzito, utaubebaje? Nenda na gari, ni hapo tu, urudi upesi."

Haikuwa mara ya kwanza. Hapo ndipo aibu yangu inapoanza, kabla hata ya ajali. Baba yake alimfundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira, akamwambia waziwazi kwamba barabarani asikanyage mpaka apate leseni. Nawe ulipotuachia gari ulisema hivyo hivyo, tukiwa tumesimama pale getini: dada, asiye na leseni asiguse usukani wangu. Nilikuitikia ndiyo. Halafu kidogo kidogo nikaanza kumtuma kwa fundi cherehani, kumtuma dukani, baba yake akiwa kazini. Mtoto anaendesha vizuri, nilijiambia, tena ni hapo tu. Mambo mengi ya ajabu nimeyafanya kwa sababu ni hapo tu.

Alinunua gesi, akaulaza mtungi kwenye kiti cha nyuma bila kuufunga na chochote. Kwenye kona ya maduka mtungi ukaviringika ukagonga mlango kwa kishindo. Akageuka kutazama. Mguu ukatafuta breki ukakuta mafuta. Gari likapanda kibaraza cha kinyozi.

Unamkumbuka yule kinyozi? Mwembamba, mpole, anayeimba puani akiwa ananyoa. Alikuwa nje anaanika taulo zake kwenye waya. Gari lilimgonga ubavuni likamtupa chini, naye akaangukia mkono wa kulia. Kifundo cha mkono kikavunjika vibaya, na mbavu mbili zikapata ufa. Mkono wa kulia, mdogo wangu. Wa kinyozi.

Nilisikia kishindo nikiwa jikoni. Sikujua ni nini lakini miguu ilijua. Nilifika pale nikiwa na aproni, mwiko mkononi, watu wameshajaa. Ngongoti alikuwa amesimama pembeni ya gari, mdomo umepasuka, kiatu kimoja hana. Askari wa kike wa barabarani, yule anayesimama njia panda, akafika na kuuliza, "Dereva ni nani?"

Nikasema, "Ni mimi, afande."

Sikuwa nimefikiria. Naapa (tazama na mimi nani ninayeapa) kwamba neno lilitoka kabla sijaliona. Afande akanitazama kuanzia juu hadi chini. Akaniuliza, "Ulikuwa unaendesha na mwiko, mama?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Hapo ningeweza kurudi. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ningesema afande nimechanganyikiwa, si mimi, ni mtoto. Badala yake nikasema niliuchukua kwa haraka wakati natoka jikoni. Uongo wa kwanza ulitoka wenyewe. Huu wa pili niliutunga mimi, nikiwa na akili zangu zote, mtu akiwa amelala chini.

Ngongoti alifungua mdomo. Nikamfinya mkono. Na kinyozi pale chini, taulo moja ikiwa imemwangukia begani, alikuwa ananiangalia. Alijua. Alimwona mtoto kwenye kioo kabla gari halijamfikia. Alinitazama, akamtazama Ngongoti, akafumba macho.

Kituoni nilitoa maelezo, nikasaini. Unaijua kazi yangu pale mahakamani. Watu wanaletwa mbele yangu kila siku, wengine wanatetemeka, nawasomea maneno ya kiapo, wao wanayarudia nyuma yangu kwamba watasema kweli tupu. Nimewahi kuwadharau moyoni wale ninaoona kabisa wanadanganya. Nilikuwa nawatazama nikijiuliza mtu anapataje uso wa namna hiyo. Sasa najua. Anao huo huo wa siku zote.

Utaniuliza kwa nini. Nilijiambia ni kwa ajili ya Ngongoti, yuko darasa la mwisho, mitihani iko mlangoni, atalala kituoni na kupata doa. Nilijiambia ni kwa ajili ya bima pia, maana dereva asiye na leseni kampuni inamkana. Nilijiambia hata ni kwa ajili ya kinyozi mwenyewe: mimi nina leseni, basi atalipwa. Yote hayo yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana yalinipa usingizi siku za mwanzo. Lakini lililokuwa chini kabisa ni kwamba niliona haya. Niliona jinsi watakavyosema kwenye korido za mahakama kwamba karani wa viapo ndiye anayempa mtoto gari bila leseni. Nilijiokoa mimi, nikasema nimemwokoa mtoto.

Shemeji yako alipofika kituoni alinivuta pembeni.

"Umesema nini?"

Nikamwambia.

Akaangalia viatu vyake. "Basi umeshasema," akajibu. Hakunikaripia wala hakuniunga mkono. Tangu siku ile akawa anaongea na mimi kama abiria anayeuliza kituo.

Sasa nakuja kwenye jina lako, na mkono umekuwa mzito.

Bima ni yako, imeandikwa kwa jina lako. Wakala alipotuletea fomu ya madai alisema mwenye gari lazima athibitishe kwamba aliyekuwa anaendesha alikuwa na ruhusa yake na pia ana leseni, kisha asaini. Akaniambia, "Mtumie ndugu yako, asaini, aturudishie." Nikasema sawa. Ningekutumia ungeniuliza maswali, na wewe sijawahi kukudanganya uso kwa uso. Kwa hiyo sikukutumia. Nilikaa ofisini kwangu wakati wenzangu wamekwenda kula, nikaandika sahihi yako. Ile herufi ya mwisho unayoivuta chini kama mkia wa panya, naijua tangu ulipokuwa unaandika kwa penseli na kutoa ulimi nje. Ilitoka sawasawa. Nilipoiona imetoka sawasawa niliigeuza karatasi kifudifudi.

Kwa hiyo kuna karatasi duniani inayosema wewe umethibitisha kitu usichokijua. Nimekuita mdogo wangu tangu mwanzo wa barua hii, na muda wote nilikuwa najua nitafika kwenye mstari huu.

Nilikwenda kumtazama kinyozi hospitalini, na supu na matunda, kama dereva mwenye kosa anavyopaswa. Ngongoti nilimkataza kukanyaga. Niliogopa ataropoka mbele ya wauguzi. Mara ya kwanza kinyozi alikuwa na maumivu, hatukuongea sana; aliniuliza tu kama mtoto aliumia, nikasema mdomo kidogo. Mara ya pili mkewe alikuwa ametoka kufuata dawa. Akaniambia kwa ile sauti yake ya puani:

"Afande alikuja. Nimemwambia nilikuwa nimegeuka, sikuona kitu. Sikutaka mtoto wa kike alale kule ndani."

Nikaanza kumenya chungwa. Kisha akauliza bila hasira yoyote, kama anayeuliza saa:

"Lakini mama, yule binti ana moyo gani? Hata pole?"

Nilitoka pale kabla mkewe hajarudi. Mtu aliyevunjwa mkono ananisaidia kudanganya, na malipo anayoyataka ni pole moja ya mtoto, na mimi ndiye niliyeifungia pole hiyo ndani ya nyumba.

Nyumbani Ngongoti alikuwa ameacha kula mezani. Alikuwa anakwenda shule kwa njia ya kuzunguka kiwandani, ili asipite pale kwa kinyozi palipofungwa. Nilidhani ni hofu. Jioni moja nikiwa naanua nguo alikuja akasimama karibu yangu, akachukua pini za nguo mkononi mwangu, akaniuliza, "Mama, umeshamwomba radhi mara ngapi?"

Nikamwambia mara zote ninapokwenda.

"Na mimi lini?" Akaanza kulia. "Umechukua kosa langu, sawa. Mbona na pole yangu umeichukua?"

Nilimwambia anyamaze majirani watasikia. Ndivyo nilivyomjibu mwanangu, mdogo wangu. Majirani watasikia.

Kilichonivunja kabisa kilitokea kazini. Aliletwa shahidi, mama wa makamo, muuza mboga, anashika mkoba kwa mikono miwili. Nikasimama kumwapisha kama nilivyofanya miaka yote. Nikaanza maneno, nilipofika kwenye kusema kweli, sauti ikakatika. Nikaanza upya, ikakatika pale pale. Yule mama akawa ananisubiri, amenyanyua uso, ananiamini. Hakimu akaniuliza, "Karani, una mafua?" Watu wakacheka kidogo, cheko la huruma. Nikajibu, "Ndiyo, mheshimiwa." Na huo nao ulikuwa uongo, mbele ya meza ile ile. Nikaomba ruhusa, nikaenda kunawa uso, nikakaa chooni mpaka mtu akagonga.

Niliporudi nyumbani nilimkuta shemeji yako anafagia ndani ya basi. Nikapanda, nikakaa kiti cha mbele wanapokaa watoto wa chekechea, nikamwambia siwezi tena. Akaweka ufagio. Akasema, "Mimi mwenyewe nimeshindwa tangu siku ya kwanza, nilikuwa naona haya kukutangulia." Tulikaa mle tukalia wote wawili, watu wazima, magoti yamegusa kidevu.

Hatukwenda kituoni moja kwa moja. Tulikwenda kwanza kwa kinyozi, ambaye alikuwa amesharuhusiwa, kwa sababu ukweli wetu ulikuwa unagusa chakula chake. Tulikwenda watatu. Ngongoti aliingia ameinama mlangoni, hakukaa, akasema mwenyewe, hakuna aliyemwekea maneno mdomoni:

"Ni mimi niliyekugonga. Niligeuka nyuma kutazama mtungi. Nilitaka kuja tangu siku ile. Naomba unisamehe."

Kinyozi akasema, "Najua ni wewe, mwanangu. Kaa."

"Asikae," mkewe akasema. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini, na alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mumewe kama ukuta. Hakuwa anajua lolote. Mumewe alikuwa amemficha hata yeye. Akanigeukia mimi. "Bima wakisikia hana leseni, watatulipa? Watalipa nani? Wewe leo umeumwa na dhamira, unataka kuoga utoke msafi. Unaoga kwa maji ya nani? Mkono huu ndio jiko letu."

Nilimwambia sijui kama watalipa. Ilikuwa kweli ya kwanza kumwambia, na haikuwa na faida yoyote kwake. Akanitazama kwa namna ambayo bado naiona nikifumba macho.

Kesho yake nilimwendea wakili mmoja ninayemfahamu pale mahakamani, mtu mzima, mkali kwa mashahidi. Nilimwomba mke wa kinyozi tuende naye asikie kwa masikio yake, asiletewe habari na mimi. Akakubali, lakini njia nzima alitembea hatua tatu mbele yangu.

Wakili alitueleza hivi, nami nakueleza kwa sababu linakuhusu. Sheria inailazimisha kampuni imlipe mtu wa nje aliyeumizwa na gari, hata kama aliyekuwa anaendesha hana leseni. Mtu huyo haadhibiwi kwa makosa ya mwenye gari. Ila kampuni ikishalipa inageuka nyuma na kudai fedha zake kwa waliovunja masharti. Gari lenyewe hailitengenezi, hata kama bima ni kubwa, ile inayolipia na gari la mwenyewe. Na anayedaiwa kwanza ni mwenye bima, yaani wewe, isipokuwa ikionekana kwamba hukujua, hukuruhusu, wala hukusaini.

Mke wa kinyozi akamwomba arudie sehemu ya kwanza. Wakili akarudia. Akauliza, "Kwa hiyo wakisema kweli, sisi hatupotezi?" Akaambiwa kutachukua muda, lakini hawapotezi. Akafunga khanga yake vizuri, akanigeukia kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Basi kaseme."

Nikaenda nikasema. Afande yule yule ndiye aliyeandika maelezo mapya. Alipofika mwisho akaniambia, "Mwiko ule, mama, sikuusahau." Hakucheka.

Tangu hapo mambo yamekwenda hivi. Ngongoti alipelekwa mahakama ya watoto. Amewekwa chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, anaripoti kwake, na hataruhusiwa kuomba leseni mpaka muda waliompangia uishe. Mitihani anafanya. Alisimama mbele ya hakimu akajibu maswali yote kwa sauti inayosikika, na mimi niliyekuwa namficha nikaona kwamba hakuhitaji kufichwa.

Mimi nilishtakiwa kwa kutoa taarifa za uongo kwa polisi. Kesi ilipelekwa mahakama nyingine kwa sababu hapa ni kwangu. Aliyenisomea shtaka ni karani wa kike niliyemfundisha kazi mwenyewe, nilimwonyesha hadi namna ya kushika faili. Alipofika kwenye jina langu alikwama. Hakimu akamwambia aendelee. Nilikiri kosa kabla hajamaliza, ili nimwondolee mzigo. Nimepigwa faini na kuonywa. Kazini nilisimamishwa, kisha nikarudishwa, lakini si mahakamani tena. Nimepelekwa masjala, kwenye chumba cha mafaili ya zamani, mimi na vumbi. Siapishi mtu. Sidhani kama nitaapisha tena, na sijalalamika. Lile jina la Mama Kiapo nakuomba ulipumzishe kwa sasa. Siku ukiona linafaa tena utaniambia wewe.

Kampuni imekubali kumlipa kinyozi na imeshaanza. Sisi tumesaini mbele ya wakili kwamba deni lote watakalodai ni letu, si lako. Kile kiwanja tulichokuwa tunakisifia kila ukipiga simu kimepata mnunuzi. Usiseme pole, sikukitaja kwa ajili hiyo. Gari lako bado liko kwenye uwanja wa polisi, pua imeingia ndani, kioo cha mbele hakipo. Shemeji yako amezungumza na mafundi wa karakana watalinyoosha akiwa analipa kidogo kidogo kwenye mshahara wake. Litatembea. Haliwezi kuwa lile ulilotuachia.

Limebaki la sahihi. Kampuni imesema sahihi iliyoghushiwa ni yako, na kushtaki au kutoshtaki ni juu yako wewe mwenye jina. Utapata barua yao. Nataka yangu itangulie. Wakili ameniambia niandike kwa mkono wangu kwamba hukujua lolote, hukuruhusu mtoto kuendesha, na hukusaini fomu yoyote. Hayo ni kweli, na nimeyaandika. Watakapokuuliza, waonyeshe barua hii. Na aliniambia pia nikueleze wazi kwamba una haki ya kunishtaki. Basi nakueleza: unayo. Usiangalie udada. Ukiamua hivyo, chakula nitakachokupikia siku ukirudi hakitapungua chumvi.

Kuhusu kinyozi, mkono umetoka kwenye plasta lakini vidole viwili havikunjiki vizuri. Anaufanyisha mazoezi kwa kukamua sponji. Ngongoti huenda kwake akitoka shule, anafagia, anafua taulo, na kinyozi hupenda kumfundisha nyimbo zake za puani, ambazo sasa tunazisikia hadi bafuni kwetu. Mkewe humpa mtoto chai. Mimi salamu yangu haipokei. Nasalimu, anaendelea na shughuli zake. Ni haki yake, na kila nikipita nasalimu.

Wiki iliyopita kinyozi alisema anataka kujaribu mashine, lakini hana kichwa cha kujaribia. Wateja wake wa zamani kila mmoja alikumbuka ana safari. Shemeji yako akaenda akakaa kwenye kile kiti. Ilichukua muda mrefu sana. Mashine ilikuwa inatetemeka, kinyozi akawa anapumzika, anaukamata mkono mmoja kwa mwingine. Alipomaliza kichwa kilikuwa na njia kama shamba lililolimwa na ng'ombe mlevi, na upande mmoja wa kisogo umeachwa kabisa. Nilimletea kofia. Akaikataa. Asubuhi akaenda kazini hivyo hivyo, na watoto wa shule wakapiga kelele basi zima, wakimwita majina mpaka getini. Jioni akaniambia kesho yake, Jumamosi, atarudi kwa kinyozi amalizie kisogo.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie naomba asinifikirie vibaya kabla hujamsomea mpaka mwisho. Wabusu wanangu. Shemeji yako anakusalimu, na Ngongoti anasema atakuandikia mwenyewe, hataki nimwandikie mimi; nimemwelewa. Mungu akulinde njiani unapotoka na unaporudi, akupe mgongo mzima na usingizi mzuri, na akuonyeshe la kufanya na mimi.

Ni mimi dada yako ninayekupenda, na hii chini ndiyo sahihi yangu mwenyewe.